TUNGDIL, KIBETE ALIYEJUA KABILA LAKE KWA VITABU TU



Leo tunataka kueleza kitabu kimoja cha hadithi, «Die Zwerge», maana yake «Vibete». Mwandishi wake ni Markus Heitz, mtu wa Ujerumani, na kilitoka mwaka 2003. Ni hadithi ya kubuni: iko mazimwi, iko waganga wenye nguvu za ajabu. Wamoja watauliza: mambo yasiyokuwa ya kweli yatatusaidia nini sisi wanafunzi? Tusikilize kwanza, kisha tujibu.

1. Vibete hawa ni nani?

Tusichanganye. Si Wambuti wa pori la Ituri, wala si mtu aliyezaliwa mfupi kati yetu. Hao ni watu kamili kama sisi. Vibete wa kitabu ni viumbe vya masimulizi ya zamani ya Ulaya ya kaskazini: wafupi, wenye ndevu nyingi, wanakaa ndani ya milima na kufua chuma. Miaka kama 800 iliyopita, Snorri Sturluson wa Iceland aliandika kwamba nyundo ya Thor, mungu wa wapagani wa kule, ilifuliwa na vibete. Mwaka 1937 Mwingereza J.R.R. Tolkien alitia vibete 13 katika «The Hobbit», lakini shujaa wa safari ile hakuwa kibete. Heitz yeye alimchukua kibete na kumweka katikati ya hadithi.

2. Kijana mbali na wenzake

Tungdil alilelewa na mganga mkubwa Lot-Ionan, kati ya watu warefu. Kwa hesabu ya vibete angali kijana. Kazi yake ni kufua chuma, na anapenda sana kusoma. Juu ya kabila lake anajua mambo mengi, lakini yote ni ya vitabuni; hajakaa nao hata siku moja.

Siku moja Lot-Ionan anamtuma kupeleka mfuko kwa mtu mmoja wa mbali. Kazi ndogo tu! Lakini njiani anakuta maadui wanaingia nchini, na anakutana na ndugu mapacha, Boïndil na Boëndal, vibete wa kweli wa vita. Hapo njo masomo yake mengine yanaanza: kushika shoka, kuvumilia, kutembea pamoja na wenzake. Kumbe wazee wa vibete wameweka jina lake kati ya wanaotafutiwa ufalme mkuu, naye hakuomba.

3. Damu ya kabila la tatu

Vibete wako makabila 5. Kabila la tatu linachukia yale mengine tangu zamani, na wengine wote wanaliogopa. Katika safari inajulikana kwamba Tungdil ni wa damu ile! Fikiri namna gani moyo wake ulivyoumia: amewatafuta ndugu, na sasa anaitwa mtoto wa maadui.

Lakini inatakiwa shoka moja la pekee kumshinda mganga mwovu Nôd'onn, na maandiko ya zamani yanasema atakayelishika lazima awe adui wa vibete. Njo maana wale wanne hawawezi. Wa kabila la tatu tu anaweza. Damu ile waliyoiogopa inawaokoa wote. Na Tungdil hakai juu ya kiti cha ufalme. Anakipata Gandogar, aliyeshindana naye.

4. Sasa tujibu

Sisi wengi tumetoka mbali kuja kusoma hapa. Tunajifunza mengi kwa daftari, na tukirudi mugini wakati wa konji tunaona kwamba hatujui hata kazi ya mikono ya baba zetu. Tungdil hakutupa vitabu vyake, vilimsaidia njiani. Lakini aliongeza kile ambacho vitabu havikumpa.

Tena kuna swali tunaloulizana sana katika bweni: «Wewe ni wa kabila gani?» Tukiuliza ili tujuane, ni vizuri. Tukiuliza ili tujue nani wa kuogopa, tunafanya kama vibete wale wanne. Tungdil hakuchagua damu yake. Alichagua tu mahali pa kusimama siku ya vita, na ndipo wenzake walipomjua.