Safari ya Kwanza Kwenda Kikundini

Wodini, mwili wa mtu aliyetawaliwa na pombe huweza kutulia ndani ya wiki moja hivi. Mikono huacha kutetemeka, usingizi hurejea, na chakula hukaa tumboni. Kazi iliyo ngumu zaidi huanza siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Katika vijiji vya Kilimanjaro, kwa mfano, mbege, yaani pombe ya ndizi na ulezi, humngoja kwenye posa, kwenye matanga na kwenye mapatano ya jamaa waliokosana. Anayeikataa kata ya mbege huweza kuonekana ameukataa udugu. Hivyo, pamoja na kinywaji, mtu huyu hupoteza mahali pa kuketi na watu wa kuketi nao. Kikundi cha kusaidiana huweza kumrudishia vyote viwili, ilimradi afike.

Ushirika wa vikundi hivyo unaojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, aliyewahi kufanya kazi katika soko la hisa, alipokutana na Dk. Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa wametaabishwa na pombe kwa miaka mingi. Walibaini kwamba mtu aliyepitia taabu hiyo, akizungumza na mwenzake aliye ndani yake, humsaidia mwenzake na kujisaidia mwenyewe. Hadi leo sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, mchango hukusanywa kwa hiari, na asiye na kitu hadaiwi. Wanachama hujitambulisha kwa jina la kwanza tu, na hutakiwa kutunza siri za wenzao.

Je, vikundi hivi vina manufaa yanayopimika? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Kati ya waliopata tiba iliyopangwa mahususi kuwaunganisha na AA, takriban 42% walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na 35% ya waliopata tiba nyingine zinazotambulika, ikiwemo tiba ya kisaikolojia. Tofauti hiyo ni ya kuthaminiwa, hasa kwa huduma isiyotozwa malipo.

Hata hivyo, manufaa hayo humpata anayehudhuria, na wengi hukwama njiani. Mwaka 1981, watafiti wa Marekani, Sisson na Mallams, waliwagawa wateja 20 katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilielezwa faida za vikundi na kupewa mahali na saa ya mkutano. Kwa kundi la pili, mshauri alimpigia simu mwanachama wa kikundi mteja akiwa mbele yake, wawili hao wakazungumza, na mwanachama akaahidi kumpitia mgeni na kwenda naye. Wote wa kundi la pili walihudhuria. Wa kundi la kwanza hakuhudhuria hata mmoja. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini somo lake ni kubwa: kumwambia mgonjwa “katafute kikundi” bado si kumpa rufaa.

Kwa hiyo mhudumu wa afya na awe na orodha ya vikundi vya eneo lake kabla mgonjwa hajauliza. Pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, ofisi ya ustawi wa jamii, na nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi. Na aulize siku na saa ya mkutano, lugha inayotumika, na kama familia inaruhusiwa. Ipo mikutano ya wazi ambayo hata asiye mwanachama hukaribishwa. Mhudumu akihudhuria mmoja, ataweza kumweleza mgonjwa alichokiona kwa macho yake. Pasipokuwa na kikundi, ipo mikutano ya simu na intaneti. Aidha, kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kuacha pombe wanatosha kuwa kikundi.

Mgonjwa naye na ajue yanayomngoja. Halazimishwi kusema; anaweza kusikiliza tu mpaka mwisho. Atasikia Mungu akitajwa, lakini AA si dhehebu, na kila mtu hutafsiri neno hilo kwa imani yake. Kikundi cha kwanza kisipomfaa, na ajaribu kingine. Akiteleza na kunywa tena, hafukuzwi. Siku hiyo ndiyo anayokihitaji kikundi zaidi. Ndugu zake pia wana vikundi vyao, Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951.

Tahadhari moja haipaswi kusahauliwa. Kikundi hakichukui nafasi ya hospitali. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla bila kuonana na tabibu, kwani degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu huweza kuchanganyikiwa, kupata homa, na kuona visivyokuwepo. Hali hizo huweza kuua, na zina dawa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja.

Yakishatulia hayo, na kabla karatasi ya ruhusa haijasainiwa, mhudumu anaweza kufanya jambo moja lisilozidi dakika tano: ampigie simu mwanachama wa kikundi, kisha ampe mgonjwa simu wazungumze. Wakubaliane siku, saa na mahali pa kukutana, ili mgeni asiende peke yake.