Fence: neno lililokatwa kichwa

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno fence mapema, akaambiwa kwamba ni ua, wigo au uzio. Baadaye husoma gazetini kwamba polisi wamemkamata fence, yaani mnunuzi wa mali za wizi. Akitazama Olimpiki huona mchezo wa upanga, uliokuwamo tangu michezo ya Athens mwaka 1896, ukiitwa fencing. Hapo hudhani haya ni maneno matatu yaliyofanana sauti tu. Ni neno moja.

Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini defendere, kumpiga adui ili asikaribie. Kwa njia ya Kifaransa kikafika Uingereza, ambako watu waliidondosha silabi ya kwanza ya defence, kama walivyopata sport kutoka disport. Katika karne ya 14, basi, fence lilikuwa tendo la kujihami. Halikuwa na nguzo wala fito. Ua wa kuzuia mifugo isiingie shambani ulilipokea jina hilo baadaye, kwa sababu nao hulinda.

Mpiga upanga naye huitwa hivyo kwa ustadi wake wa kukinga mapigo. Maana ya mnunuzi wa mali za wizi ilitoka katika lugha ya siri ya wezi, yapata mwaka 1700; biashara yao ilifanyika chini ya kinga ya usiri. Maarufu kuliko wote alikuwa Jonathan Wild wa London, ambaye mchana alijitangaza kuwa mkamata wezi huku akiongoza genge lao. Alinyongwa mwaka 1725.

Kwangu mimi, kinachovutia zaidi ni jinsi jina la ua linavyohamia kwenye kile kilichozungushiwa. Town, mji, limetokana na tun la Kiingereza cha kale, eneo lenye ua. Ndugu yake wa Kijerumani, Zaun, bado ni ua wenyewe. Wa Kiholanzi, tuin, amekuwa bustani. Kiswahili kimepita njia hiyo bila kuazima kwa yeyote. Ua ni kizuizi cha makuti, na pia ni uwanja ulio ndani yake. Boma ni zizi la ng'ombe, ni ngome, na wilayani ni ofisi za serikali.

Kwa hiyo orodha ya "fence ni ua" haitoshi darasani. Wamarekani wa karne ya 19 walimsema mwanasiasa asiyechagua upande kuwa ameketi juu ya fence, wakiwa na picha ya uzio wa mbao. Ua wa makuti haukaliki, na tafsiri ya neno kwa neno hapo haina maana. Walimu, anzeni na kinga. Maana nyingine zote mwanafunzi atazifikia mwenyewe.