Seva Moja, Darasa Zima

Shule ikipokea kompyuta za mtumba, kazi yangu ya kwanza ni kung'oa diski zote. Walimu hushtuka. "Fundi, si ndiyo umeiua hiyo?" aliniuliza mkuu wa shule mmoja. Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu. Subiri uione ikiwaka."

Naingia kwenye mipangilio ya mashine na kuielekeza iwake kwa kupitia mtandao. Nikibonyeza kitufe, inaomba anwani kupitia kebo; seva, yaani kompyuta kuu ya maabara, inaipa, kisha inaitumia mfumo mzima. Taa za swichi zinapepesa, na baada ya muda mfupi mwanafunzi anaombwa jina lake na nywila. Faili zake ziko kwenye seva, kwa hiyo leo anaweza kuketi dirishani na kesho mlangoni, kazi yake ataikuta ilivyo. Na diski ikiwa haipo, virusi vya flashi vitakaa wapi?

Programu ninayotumia ni LTSP (Linux Terminal Server Project). Ni ya Linux, ilianzishwa mwaka 1999 na Jim McQuillan wa Marekani, na haina leseni ya kulipia. Afrika Kusini, wakfu wa Mark Shuttleworth uliitumia njia hii katika maabara za shule zilizoitwa tuXlab.

Wapo wanaoziita mashine hizi zisizo na diski kompyuta za maskini. Waite tu. Mtoto anayejifunza kuchapa barua na kupanga alama kwenye jedwali hataona tofauti. Atakapoiona ni kwenye video: kama kazi zote zinafanywa na seva, watoto 20 wakifungua video kwa pamoja, itahema. Toleo la LTSP lililoandikwa upya mwaka 2019 limepunguza tabu hiyo, kwani mashine ya mezani hupokea mfumo kutoka kwenye seva lakini hufikiri kwa kichwa chake. Ila sharti iwe na RAM ya kutosha. Zile kuukuu kabisa bado zinaitegemea seva kwa kila kitu, nami huko sikubali seva yenye chini ya GB 32. Swichi nayo iwe ya gigabiti, na kebo isizidi mita 100.

Umeme ndio unaonifanya nipende vibodi vidogo vya kompyuta vya Raspberry Pi badala ya mashine za mtumba. Vilipotoka mwaka 2012 kimoja kiliuzwa dola 35, na kinakula wati chache tu, hivyo hata shule yenye sola inavimudu. Kompyuta ya mtumba ni ya bure siku ya kupokelewa. Baada ya hapo inakula LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila mwezi.

Ubaya mkubwa kuliko wote wa mpango huu ni huu: seva ikizima, darasa zima limezima. Kwa hiyo wewe uliye kwenye bodi ya shule, ukiletewa makadirio ya maabara, tafuta kwanza mstari wa seva na UPS yake, ile betri inayoishikilia umeme ukikatika. Kama UPS haimo, msiidhinishe.