Mkono Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Titi

Upasuaji wa saratani ya titi mara nyingi hauishii kwenye titi lenyewe, kwa kuwa daktari hulazimika pia kuondoa tezi za kwapani, ambazo zinapovimba watu wengi huziita mitoki, ili ajue kama ugonjwa umeanza kusambaa. Tezi hizo ni vituo vya mfumo wa limfu, yaani mtandao wa mishipa myembamba inayokusanya maji na protini zilizovuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kuzirudisha katika mzunguko wa damu. Tezi zikiondolewa, au zikikakamaa kwa sababu ya tiba ya mionzi, njia hupungua, na majimaji yaliyokosa pa kupita hukusanyika chini ya ngozi ya mkono au ya kifua upande uleule. Uvimbe huo sugu ndio unaoitwa limfedema.

Wakazi wa Tanga, Lindi, Mtwara na Zanzibar wameufahamu uvimbe wa namna hii kwa vizazi vingi kupitia matende, yanayoletwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Chanzo ni tofauti, lakini uharibifu unafanana kiasi kwamba William Halsted, daktari wa Marekani ambaye upasuaji wake mpana wa titi ulifuatwa kwa miongo mingi, alipoandika mwaka 1921 kuhusu mikono ya wagonjwa iliyovimba aliiita hali hiyo matende ya upasuaji. Ni vyema familia zielewe kwamba uvimbe huu hauambukizi, hautokani na kurogwa, na peke yake si ushahidi kwamba saratani imerudi, ingawa kila uvimbe mpya sharti upimwe na daktari kabla ya kupewa jina.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 5 walioondolewa tezi nyingi za kwapani hupata limfedema, ilhali kwa walioondolewa tezi mlinzi pekee, yaani zile za kwanza kupokea limfu kutoka kwenye titi, idadi hushuka hadi karibu 6 kati ya 100. Bahati mbaya ni kwamba wanawake wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia kwapani, na hivyo upasuaji mpana huwa hauepukiki. Mionzi ya kwapani, unene uliopita kiasi na maambukizi ya ngozi huongeza hatari, ambayo huwa kubwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo lakini haiishi kabisa.

Kwa muda mrefu wagonjwa waliambiwa wasibebe kitu chochote kizito kwa mkono huo maisha yao yote. Agizo hilo, kwa mwanamke anayechota maji, anayelima na kubeba mtoto, lilikuwa sawa na kumnyima riziki, na utafiti haukuliunga mkono. Nchini Canada mwaka 1996, daktari Don McKenzie wa Vancouver aliwafundisha wanawake 24 waliopona saratani ya titi kupiga makasia, na hakuna aliyepata limfedema kwa sababu ya kazi hiyo. Kisha Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wanawake waliokuwa wakinyanyua uzito mara mbili kwa wiki, wakianza na mdogo sana na kuongeza polepole chini ya usimamizi. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba miongoni mwa walioondolewa tezi 5 au zaidi, asilimia 7 ya waliofanya mazoezi walivimba mkono, dhidi ya asilimia 22 ya wasiofanya. Sababu yake inaeleweka, kwani misuli inapokaza na kulegea huisaidia mishipa ya limfu kusukuma majimaji, na mkono usiotumika hukosa msaada huo. Kinachofaa ni mkono urudishwe kazini hatua kwa hatua, na upumzishwe unapohisi uzito.

Katazo ambalo bado lina nguvu linahusu ngozi. Limfu iliyotuama ni makao mazuri ya bakteria, na kila maambukizi huharibu mishipa iliyobaki, kwa hiyo mkono unahitaji kuoshwa kwa sabuni, kukaushwa na kupakwa mafuta, kukingwa na mbu kwa chandarua, na kuvishwa glavu shambani. Chale za dawa juu ya mkono uliovimba ni hatari kubwa, hata zikichanjwa kwa nia njema. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye homa, mgonjwa afike hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa anahitaji antibaiotiki bila kuchelewa.

Dalili za mwanzo ni ndogo: bangili inayobana, mkono wa blauzi usiopita, uzito usioeleweka jioni. Tepu ya fundi cherehani inatosha kupima mikono yote miwili mahali palepale kila mwezi, na tofauti mpya ya sentimita 2 ni sababu ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwani uvimbe wa awali hupungua kwa bandeji, ukandaji mwepesi na soksi ya mkono inayobana, lakini ukiachwa hugeuka kuwa tishu ngumu na mafuta yasiyoondoka. Soksi hizo ni ghali na huchakaa, hivyo wengi hawazimudu. Ujuzi wa kuosha, kuinua na kuzoeza kiungo kilichovimba, hata hivyo, tayari unafundishwa kwa wagonjwa wa matende nchini Tanzania, na hakuna sababu ya kitabibu ya kuwanyima ujuzi huohuo wanawake wanaotoka wodi ya saratani, ambao wangepaswa kuruhusiwa wakiwa na vipimo vya mikono yao vilivyoandikwa kabla ya upasuaji.