Hema la leso kuukuu lamfaa mtoto, ila chunga moto na kamba

MVUA yanyesha, shule zimefungwa na watoto wamekwama ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Nje hakuna uwanja, ila barabara ya matatu na mtaro uliojaa maji. Je, wewe mzazi hufanya nini? Wengi wetu huwasha televisheni, watoto wakanyamaza, nasi tukaendelea na kazi.

Kimya hicho kina gharama yake. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) mwaka wa 2019 wasema kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne hafai kukaa mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja kwa siku. Aidha, wa miaka mitatu na minne ahitaji angalau dakika 180 za kutumia mwili wake kila siku.

Njia moja ya kumchangamsha mtoto bila gharama kubwa ni kumshonea hema kwa nguo kuukuu. Akiingia na kutoka akitambaa, viungo vyake hupata kazi. Akilifanya duka, hospitali au matatu, hujifunza kuzungumza, kupanga mambo na kungoja zamu yake.

Jinsi ya kushona

Tafuta leso mbili za pamba, kila moja kama sentimita 150 kwa 110. Shuka iliyochakaa katikati pia yafaa ukikata pale palipoisha. Ukinunua nguo ya mitumba, ifue kwa sabuni, uianike juani na kuipiga pasi kwanza. Ng'oa vifungo na shanga zote, kwani mtoto mdogo aweza kuvimeza vikamkaba koo.

Weka leso moja juu ya nyingine na ushone ukingo mmoja mrefu. Pitisha mshono wa pili sentimita sita chini ya ule wa kwanza. Kati ya mishono hiyo patakuwa na njia ya kupitishia mti wa juu, wenye urefu wa sentimita 170.

Sasa chukua fimbo nne za sentimita 120, uzipige msasa zisiwe na vibanzi. Fungia mbili kila upande zikipishana juu, na ulaze ule mti mrefu kwenye panda hizo, ukiukaza kwa vipande vya kitambaa. Kwenye pembe nne za chini shona vitanzi vya kuvalisha miguu ya fimbo. Kila upande, unganisha vitanzi viwili kwa ukanda wa sentimita 100 ulalao sakafuni, ili miguu isiteleze. Utapata hema la kimo cha kama sentimita 90. Usizibe mbele wala nyuma: hewa ipite, nawe umwone mtoto.

Mambo ya kuchunga

Hatari ya kwanza ni moto. Katika nyumba zetu stovu, jiko la makaa na kitanda viko karibu karibu. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kabla ya kushona, chomoa uzi mmoja, uuchome mbali na watoto. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja ikawa kidonge kigumu. Hata hivyo, pamba nayo huungua upesi. Kwa hivyo usiweke hema chumbani wakati wa kupika, wala usiruhusu mshumaa au koroboi ndani yake.

Hatari ya pili ni kamba. Usilitundike hema kwa kamba ndefu, wala usiache ukanda unaoning'inia zaidi ya shubiri moja, kwani waweza kumnyonga mtoto. Vile vile, usitumie karatasi ya plastiki, ambayo huziba pua na mdomo.

Wengine hutandaza shuka juu ya meza na kuiita hema. Mtoto akiivuta huku kuna chupa ya chai au sufuria juu, maji moto humwagikia kichwani. Fanya hivyo tu meza ikiwa tupu.

Mtoto akiungua, mwondoe kwenye moto, uvue nguo isiyogandamana na ngozi, na umwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha mpeleke hospitalini.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiachwe alale humo kati ya mito na nguo. Hao wakubwa nao wawe mahali unapowaona na kuwasikia. Saa ya kupika ikifika, chomoa fimbo, kunja leso na uliweke hema chini ya kitanda. Kesho watalidai tena.