King'ora cha betri kikilia, pima kabla ya kununua nyingine

MLIO wa king'ora katika mtambo wa umeme wa akiba si kelele ya kunyamazishwa tu. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, huenda ukawa onyo kwamba friji ya chanjo i karibu kuzimika.

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa kati ya 1991 na 1992, zimetegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli na paneli za sola. Jenereta inapozimwa au jua linapotua, betri ndizo hubeba mzigo. Chanjo nyingi sharti zihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 8, na zikishaharibiwa na joto, kuzirejesha kwenye baridi hakuziponyi.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mlio wenyewe. Katika mitambo mingi, mlio wa kukatizakatiza huashiria kwamba umeme mkuu umepotea na betri zimeanza kutumika. Mlio wa haraka au usiokoma huashiria kwamba akiba inakaribia kwisha. Kwa kuwa watengenezaji hutofautiana, kitabu cha maelekezo ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hatua ya pili ni kupima. Betri ya risasi na tindikali ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzishwa saa kadhaa bila chaji wala mzigo, huonyesha takriban volti 12.7. Ikionyesha karibu 12.2, imebakisha nusu hivi. Chini ya 11.9, imekaribia kuisha kabisa. Hata hivyo, betri iliyoisha si lazima iwe imekufa. Huenda paneli zimefunikwa na vumbi, fyuzi imekatika, au vifaa vimeongezwa kupita uwezo wa mtambo.

Iwapo betri imejaa lakini king'ora hulia kila friji inapoanza kunguruma, fundi hupima volti wakati huo huo mahali pawili: kwenye betri na kwenye inveta. Zikishuka kwenye inveta pekee, kasoro imo katika waya mwembamba au kiungo kilicholegea au kushika kutu. Zikiporomoka kwenye betri pia, huenda betri yenyewe imechakaa ndani.

Betri zilizounganishwa kwa mfuatano hupimwa moja moja, kwani moja mbovu huzidhoofisha zote. Kuchanganya mpya na kuukuu pia ni hasara: ile mpya huchakaa kabla ya wakati wake.

Adui mkubwa katika eneo hili kame ni joto. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri kwa takriban nusu. Ndiyo maana chumba cha mabati kisicho na madirisha kinaweza kuua betri nzuri mapema. Kivuli na hewa ya kutosha ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Betri za kuongezwa maji huhitaji maji yasiyo na chumvi, kamwe si ya kisima wala tindikali. Aidha, zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo moto na sigara ni marufuku karibu nazo. Zikifa, zirejeshwe kwa wanaozikusanya; risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto.