Jua lizame Udzungwa, fedha ibaki Kiberege

KWA mkazi wa Kiberege jua hupotea mapema, kwani magharibi yake imesimama milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Anayetaka kuliona likizama hana budi kupanda kwa miguu, njia ni kali na yenye utelezi, huku bonde la Kilombero likitandaa chini kwa miwa na mpunga.

Kibiashara, machweo yanalipa kuliko asubuhi. Mgeni wa asubuhi mchana yuko njiani kurudi Mikumi. Wa jioni lazima ale na alale. Asipopata kitanda Kiberege atalala Mang'ula, penye makao ya hifadhi. (Kiingilio tusikihesabu, hicho si cha kijiji.)

Msimu mzuri wa kupanda ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, mpunga ukiwa umeshavunwa na bei iko chini. Mwenye ada ya shule huuza papo hapo. Akipata shilingi za kitanda au za kubeba mizigo, magunia yake yanaweza kungoja.

Tatizo ni kushuka. Msituni giza huingia ghafla, na tembo wamo. Vijana wanaotaka kuongoza wageni waafikiane kwanza na hifadhi kuhusu saa za kurudi na askari wa kuwasindikiza, kabla ya kununua mahema.